Debe la cheni zilizochoka

Nyuma ya nyumba yangu hapa Nkuhungu, Dodoma, kuna debe la rangi la lita 20 ambalo mke wangu ametishia mara nyingi kumpa mnunuzi wa vyuma chakavu. Ndani yake zimo cheni za msumeno wa mota, zimejikunja kama nyoka waliolala, zimekauka oili na kushika vumbi. Kila iliyomo niliitupa humo kwa hasira nikisema imekufa. Kwa miaka minne wimbo wangu ulikuwa mmoja: cheni za bei rahisi hazina maisha. Kumbe nyingi kati ya hizo niliziua mwenyewe, na nyingine zilikuwa hai bado.

Kazi ya kukata miti niliianza mwaka 2017. Kabla ya hapo nilikuwa msaidizi wa seremala pale Majengo, nashika mbao wenzangu wakipiga randa. Serikali ilikuwa imetangaza mwaka mmoja nyuma kwamba safari hii inahamia Dodoma kweli, na mji ukaanza kuumuka kama unga uliotiwa hamira. Aliyepata kiwanja Nala, Iyumbu au Mtumba alikuta mgunga umekaa mahali anapotaka kuweka sebule. Wenye nyumba za zamani mjini nao, ile miarobaini na mijohoro waliyoipanda ili wapate kivuli ilikuwa imeshakua mpaka inasukuma kuta na kupapasa nyaya za umeme. Mwenye msumeno wa mota hakosi kazi ya wiki katika mji wa namna hiyo.

Nikanunua msumeno wa Kichina, injini ya cc 58, baa ya inchi 20. Baa ni ule upanga wa chuma ambao cheni inauzunguka. Cheni yake inakwenda kwa namba tatu: 0.325, 0.058 na 76. Namba ya kwanza utaipata ukipima urefu wa ribiti tatu zilizofuatana, vile vipini vinavyounganisha pingili, kisha ukagawa kwa mbili, kwa inchi. Ya pili ni unene wa vile vidole vya chini vinavyoteleza kwenye mfereji wa baa, kama milimita 1.5. Ya tatu ni idadi ya vidole vyenyewe. Ukikosea namba moja kati ya hizo, hukununua cheni, umenunua mkufu. Mkufu mmoja ninao, nilinunua mwezi wa kwanza tu wa kazi.

Wakati huo cheni ya bei ya chini nilikuwa naipata kwa shilingi 22,000, na ile ya kampuni yenye jina, kwenye boksi lake, ilikuwa 68,000. Sikuhitaji kufikiri sana. Kwa bei ya moja napata tatu, na chenji ya soda inabaki.

Siku iliyonifanya nifikiri ilikuwa Chang'ombe, kwenye mwarobaini mkubwa ulioinamia nyumba ya mama mmoja. Tulishafunga kamba, dogo anayenisaidia ameishika chini, mimi niko juu ya ngazi nakata tawi nene kama mapaja mawili. Katikati ya kazi cheni, ambayo asubuhi ile nilishaibana mara nne, ikalegea tena, ikaruka kutoka kwenye baa na kujigonga kwenye kifuniko cha klachi. Nilipojaribu kuirudisha ikagoma. Vidole vitano sita vilikuwa vimechubuka na kuota vinundu, havipiti tena kwenye mfereji. Ya akiba niliiacha nyumbani.

Mama mwenye nyumba alikuwa barazani anachambua mlenda. Akainua uso.

"Fundi, mbona kimya?"

"Cheni imeruka, mama."

"Na tawi langu?"

"Tawi lipo, mama."

Lilikuwepo kweli, limening'inia nusu juu ya bati lake. Tulilimalizia kwa msumeno wa mkono na shoka, saa mbili nzima, watoto wa mtaa wamejipanga ukutani wanashangilia kila pigo. Nilipomaliza mama alinilipa yote bila neno, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Angegombana nami ningepata nafuu.

Kesho yake nikaenda mjini kununua ya 68,000. Muuzaji aliifungua kwenye boksi taratibu kama mtu anayeonyesha pete ya uchumba. Nikaifunga, nikaenda nayo Ihumwa kwenye kiwanja chenye mgunga uliokufa siku nyingi, mkavu, mgumu kama jiwe. Mchwa walishaupandia kwa njia zao za udongo mpaka kwenye matawi. Sikujali udongo. Nilikuwa na cheni ya 68,000! Tanki la kwanza la mafuta lilikwenda vizuri. Kabla la pili halijafika nusu msumeno ukaanza kutoa unga, halafu moshi. Wiki ya pili ikaanza na kulegea, sawasawa na dada zake wa 22,000. Mwezi haujaisha ikaingia kwenye debe, na mimi nikarudi kwenye za bei rahisi nikiwatangazia mafundi wenzangu kwamba ile tofauti ya 46,000 ni bei ya boksi.

Nilitembea na maneno hayo zaidi ya mwaka mzima. Aliyeyakatiza ni mzee mmoja tuliyekutana Mpunguzi, kwenye kazi ya kukata nguzo za shamba la zabibu. Ujana wake wote alikuwa anapasua mbao huko Manyoni na Itigi, na mkono wake wa kushoto una vidole vitatu na nusu. Sikuuliza, hakusimulia. Alisimama muda mrefu akiutazama msumeno wangu unavyohangaika na gogo la kawaida tu, mimi nimeulalia kwa uzito wangu wote. Nilipouzima akachota kwa kiganja zile taka zilizokuwa chini.

"Mwanangu, hapa unakata mti au unasaga dona?"

Ulikuwa unga laini kabisa. Msumeno unaokata, akasema, unatoa maranda, vipande unavyoweza kuviokota kimoja kimoja. Ukitoa unga umeacha kukata, unasugua.

"Lakini nimeinoa asubuhi hii, shikamoo yako mzee," nikasema, maana aibu ilinifanya nichanganye maneno. Akaligusa jino kwa ukucha. Kweli lilikuwa kali.

"Marahaba. Jino umelinoa, naona. Na nyapara umemnoa lini?"

"Nyapara yupi?"

Alicheka mpaka akakohoa. Nyapara, kwa lugha yake, ni kile kinundu kilicho mbele ya kila jino. Mimi nilidhani ni pambo, au kitu cha kushikia oili. Kazi yake ni kuliamulia jino ling'ate kiasi gani: jino linasimama juu yake kidogo, kwenye cheni kama yangu ni milimita 0.65 hivi, pungufu kidogo ya unene wa kadi ya benki, na kiasi hicho ndicho jino linachoruhusiwa kuchukua mtini. Sasa mgongo wa jino umeinama kuelekea nyuma. Kila unapolinoa linarudi nyuma, na likirudi nyuma linashuka. Nyapara yeye hashuki mpaka umshushe kwa tupa bapa. Ukinoa mara tatu, nne, tano bila kumgusa, anakuwa karibu sawa na jino, na hapo hata ulinoe jino liwe wembe halitaufikia mti. Wewe unakandamiza, baa inachemka, injini inalia, na unasema cheni imekufa.

Akaliwekea jino bati dogo lenye tundu, kinundu kikachungulia juu, akakipiga tupa mara tatu. Jino la pili, la tatu, mpaka yote 38, kumi na tisa ya kushoto na kumi na tisa ya kulia. Ilimchukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Kisha akaniambia nikate. Sikukandamiza. Msumeno ulizama wenyewe kwa uzito wake, na maranda yakarukia mpaka kwenye viatu vyake.

Sikulala vizuri siku ile. Asubuhi nikalimwaga debe uani. Cheni 14. Nikakaa nazo siku mbili, tupa ya mviringo ya milimita 4.8 kwa ajili ya meno, tupa bapa kwa ajili ya manyapara. Nane zilifufuka! Nane, tena baadhi zikiwa na zaidi ya nusu ya jino. Ile ya 68,000 ilikuwa miongoni mwa hizo nane. Sita zilizobaki zilikuwa zimekufa kweli: mbili meno yameisha, moja imekatika, tatu zimerefuka mpaka skrubu ya kubania imefika mwisho. Mke wangu alikuja na chai akakuta nimezipanga kwenye mkeka kama dagaa. Hakuuliza.

Kwa hiyo kila nilichokuwa nasema kuhusu cheni rahisi kilikuwa kimejengwa juu ya nyapara ambaye sikumjua. Lakini na hukumu yangu juu ya ile ya bei ghali nayo haikusimama, na hii ilinichukua muda zaidi kuielewa, kwa sababu makosa yalikuwa mawili na yote mawili yalikuwa yangu, si ya cheni.

Moja lilikuwa sproketi, lile gurudumu la meno linaloizungusha cheni. Watu husema cheni inavutika kama mpira, sivyo. Kinachotokea ni kwamba tundu na ribiti vinalika kidogo kidogo, na ukijumlisha hicho kidogo mara pingili zote, cheni imerefuka. Sproketi nayo inalika, inachimbika mifereji inayofuata urefu wa cheni zilizochoka. Ukiifunga cheni mpya juu ya sproketi ya namna hiyo, vipimo vyao havilingani tena, sproketi inaivuta kwa nguvu na kuilazimisha irefuke haraka. Wanaojua kazi hubadilisha sproketi kila baada ya cheni mbili hivi. Mimi nilimfunga bibi harusi wa 68,000 kwenye sproketi iliyokwisha kula cheni saba. Ilivyolegea wiki ya pili nikamlaumu bibi harusi.

La pili lilikuwa umbo la jino. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi tunapotupa hela. Jino la cheni si kama jino la msumeno wa seremala. Linafanya kama patasi mbili zilizounganishwa kwenye kona, moja inakata ukuta wa mfereji, nyingine inanyanyua sakafu yake. Wazo hilo lina historia. Mwaka 1946, huko Oregon, Marekani, mkata magogo aliyeitwa Joseph Cox alikuwa anapasua kuni akaona buu la mbawakawa anayetafuna mbao, linakula kisiki kushoto na kulia, kwa kufuata nyuzi na kwa kuzikata, bila shida yoyote. Akaenda kutengeneza jino la chuma kwa mfano wa mataya yale, na mwaka uliofuata akaanza kuuza cheni zake kutoka Portland. Kampuni aliyoianzisha ndiyo inayojulikana leo kwa jina la Oregon, na karibu kila cheni tunayofunga, ya bei yoyote, ni mjukuu wa buu lile.

Sasa ile kona ya patasi mbili inaweza kuwa kali ya pembe mraba, au ikawa imekatwa ikawa ya mviringo. Ya pembe mraba inakata kasi sana kwenye mti safi, lakini kona ile ni ncha nyembamba, na punje chache za mchanga zinaivunja. Ya mviringo ni ya taratibu kidogo ila inavumilia uchafu. Cheni yangu ghali ilikuwa ya pembe mraba. Zile rahisi zote zilikuwa za mviringo. Nikaipeleka ya pembe mraba kwenye mgunga uliopakwa udongo wa mchwa, halafu nikashangaa. Ni sawa na kumvalisha mtu viatu vya ngozi akalime jaruba la mpunga Bahi.

Na mchanga una jambo lake jingine ambalo muuzaji hakuambii. Juu ya jino kuna ngozi nyembamba ya kromu, ngumu mno, ndiyo inayobeba makali, chuma cha chini kinaishikilia tu. Mchanga ukiimenya pale mwanzoni, huwezi kulitengeneza jino kwa kulipapasa. Lazima ulirudishe nyuma kwa tupa mpaka ufike kwenye kromu nzima. Ndiyo maana kugusa ardhi mara moja, sekunde moja tu gogo linapoachia, kunakula jino kuliko kazi ya siku mbili. Hapo 68,000 na 22,000 wote wanalia.

Kiangazi cha 2022 nikaamua kufanya mashindano ya haki. Sproketi mpya. Cheni mbili mpya, moja ya 22,000 na moja ya 68,000, zote za kona ya mviringo. Nikafungua daftari la mwanangu la hesabu lililobaki kurasa, nikachora mistari. Kila tanki la mafuta natia alama, kila nikinoa naandika, kila nikibana naandika. Miti michafu, visiki na mbao za kubomolea sikuzigusa kwa cheni hizi. Zilipishana, leo hii, kesho ile, kwenye miarobaini, mijohoro na migunga mibichi. Dogo alikuwa mwamuzi, maana alijua nina upande.

Tofauti ya kwanza ilionekana siku ya kwanza. Zote zililala usiku mzima kwenye oili kabla ya kufungwa, na bado ile rahisi niliibana mara saba mpaka jioni. Ile ghali mara mbili. Halafu meno: ya rahisi yalitoka kiwandani hayalingani, ya kulia marefu kidogo kuliko ya kushoto, na msumeno ukawa unakata kwa kupinda kama mtu anayeandika bila mistari. Nilipoteza tanki zima na nusu saa ya tupa kuyasawazisha. Ghali ilikata moja kwa moja kutoka kwenye boksi.

Makali yenyewe hayakuachana sana. Rahisi ilihitaji tupa kila baada ya tanki tatu, ghali kila baada ya nne. Nilitegemea pengo kubwa kuliko hilo. Tena ile rahisi chuma chake laini, tupa inaingia kama kisu kwenye muhogo uliochemshwa, ghali inaikatalia tupa na tupa zenyewe zinaisha mapema.

Waliachana mwishoni. Cheni ya 22,000 ilifika tanki la 31 ikiwa na nusu ya jino bado, manyapara wameshushwa vizuri, kila kitu, lakini ribiti zilikuwa zimelegea kiasi kwamba ukiishika kwa ubavu inainama kama mkanda wa nguo. Siku hiyo dogo akaona ufa mwembamba kwenye pingili moja. Nikaivua hapo hapo. Cheni ikikatika inaruka kama mjeledi, na kile kindoano cha kuidaka kilicho chini ya msumeno hakina mkataba na Mungu. Ya 68,000 ilikwenda mpaka tanki la 104, na ilikufa kifo cha heshima: meno yalifika kwenye ule mstari mdogo ambao kiwanda kimeuchonga juu ya jino kukuambia basi, inatosha.

Nikakaa na kalamu. Shilingi 22,000 kwa tanki 31 ni 710 kwa tanki. Shilingi 68,000 kwa tanki 104 ni 654. Nikarudia hesabu, nikampa mwanangu wa darasa la sita naye akarudia. Tofauti ni shilingi 56 kwa tanki moja. Miaka yote ya ubishi kijiweni, kwa shilingi 56!

Hayo ni matokeo ya msumeno wangu, miti yangu na mikono yangu, mwenzangu wa Kondoa anaweza kupata mengine. Lakini yalinifundisha kuacha kutazama bei kwa jicho moja. Fedha karibu sare. Kinachobaki ni kwamba cheni ya bei rahisi inakudai muda: kubana, kusawazisha, kwa tanki 104, kunoa mara 34 pale ambapo mwenzake ananolewa 26. Na inakudai wasiwasi ukiwa juu ya ngazi. Ile ya bei ghali inakudai kitu kimoja, uifahamu kazi kabla ya kuifunga, kwa sababu msumari haujui bei. Miti ya mjini Dodoma imejaa vyuma. Misumari ya kamba za nguo, ya mabango, waya wa uzio uliomezwa na mti miaka 15 iliyopita. Msumari mmoja ukipita kwenye meno yote 38, nalia kwa 22,000 au nalia kwa 68,000, ni mimi wa kuchagua.

Kwa hiyo natembea na zote. Kazi ya juu, karibu na bati au nyaya, kwenye matawi safi, nafunga ya bei ghali, kwa sababu pale sitaki cheni inayolegea. Tukishuka kwenye shina, na hasa kisiki, inapanda rahisi, mara nyingi mmoja wa wale nane waliofufuka. Kisiki sikikati kabla dogo hajakifuta kwa brashi ya waya na kukimenya gome kwa panga upande tunaoingilia. Dakika tano. Mwanzoni alinung'unika, sasa anafanya bila kuambiwa, maana kunoa nimemkabidhi yeye.

Ipo aina nyingine ya cheni, ya meno yenye ncha za kabaidi, kitu kigumu kuliko chuma, ambazo vikosi vya zimamoto katika nchi nyingine hutumia kukatia mapaa. Inavumilia uchafu kuliko hizi zote, ila tupa ya kawaida haiigusi, inataka almasi. Kwa mtu anayenolea juu ya gogo chini ya mkwaju, hiyo tuiache.

Niseme na ya bei ya kati, moja niliyoinunua kwa 35,000, kwa sababu ndiyo iliyonikera kuliko zote. Ina boksi lenye jina kubwa na rangi zake zote. Muuzaji simtaji, na jina la kwenye boksi halina kosa, limeibiwa tu. Nilipofika nyumbani nikaitazama kwenye jua: pingili hazina alama yoyote iliyogongwa, wakati kiwanda chenyewe hugonga nembo yake kwenye chuma. Nikalijaribu jino kwa kuipitisha tupa mgongoni, kwenye kromu. Kwenye kromu nzuri tupa inateleza kama kwenye kioo. Hapa iliuma na kuacha mkwaruzo. Ilikuwa ile ile ya 22,000, imevaa suti ya 13,000. Siku hizi naomba kuifungua dukani kabla sijatoa hela, na muuzaji akikataa nafunga zipu ya mfuko.

Kuhusu oili nitasema kidogo. Nilitumia oili chafu ya gereji miaka mingi, nusu bure, kama wengi wetu. Ina vumbi la chuma ndani yake, ni nyepesi, inarushwa na cheni kabla haijafika kwenye ncha ya baa. Nilipoanza kutumia namba 40 mpya nikaona baa haishiki joto kama zamani, na kitundu cha kupitishia oili hakizibi tena kila wiki. Katika mashindano yale zote mbili zilikunywa namba 40. Sijui hata, pengine hilo peke yake lilizipa tanki kadhaa zaidi kuliko zingepata kwa oili yangu ya zamani.

Mwezi uliopita tulikuwa Makole, kwenye mjohoro wa bibi mmoja wa miaka sabini na kitu. Juu tulimaliza salama kwa cheni ya bei ghali. Shina lilibaki, jeupe, safi, halina hata mchwa, likanivuta. Nikafikiri: limalize na hii hii, kuna haja gani ya kubadilisha. Lakini nikauliza kwanza.

"Bibi, mti huu umewahi kufungwa kamba ya nguo?"

"Hata siku moja, mjukuu wangu. Nguo tunaanika kule."

"Na msumari?"

"Nani apigilie msumari mti wangu?"

Dogo alikuwa anapitisha kiganja kwenye gome. Akasimama sehemu moja, usawa wa goti, palipovimba kama kitovu cha mtoto.

"Bibi, na hapa pana nini?"

Bibi akasogea na mkongojo wake, akainama, akapagusa.

"Aa, hapo ndipo marehemu babu yenu alipokuwa anafungia mbwa wake."

"Alimfunga kwa kamba?"

"Kamba aliila yule. Alimfunga kwa mnyororo. Hata sijui uliishia wapi."

Nikamgeukia dogo nimwambie alete cheni ya debe. Alishafungua nati za kifuniko.